Ndege gani? Asubuhi kwenye bustani ya Mwalimu

Wengi tunaoandika Dar es Salaam tunaandika pale nafasi inapopatikana. Kwenye siti ya daladala kwa kidole gumba, sebuleni watoto wakishalala, ofisini wenzako wakitoka kwenda kula. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na ukikaa dirishani jioni utadhani wote wamepita mtaani kwako: spika ya duka la pembeni, honi za bodaboda, fundi anakata vyuma, mama anamwita mtoto kwa jina lake lote. Kelele hizo zimenilisha hadithi nyingi na sizilalamikii. Ila kuna namna ya kutazama ambayo haziiruhusu. Namna hiyo nimeipata Mikocheni, nyuma ya geti la chuma lisilo na kibao, kwenye bustani ya mwalimu mstaafu wa Kiswahili anayewafungulia watu wanaoandika asubuhi za Jumamosi.

Huingii kwa tangazo. Unapelekwa na mtu aliyekwishapelekwa, na mimi nilipelekwa na rafiki anayeandika mashairi, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akinijibu "twende ukaone" kila nilipomuuliza hizo Jumamosi anakuwa wapi. Anayefungua geti ni mzee mtunza bustani. Unamwamkia, anaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu, Mama yuko nyuma," na unazunguka nyumba kwa kupita upande wa kulia kwenye njia nyembamba iliyobanwa na ukuta wenye bogavilia.

Nyuma ndiko kuna bustani, na mara ya kwanza haikushangazi. Haina chemchemi wala sanamu. Haina hata ukoka. Chini ni mchanga mweupe wa pwani, umefagiwa kwa fagio la chelewa hadi mistari ya fagio inaonekana. Katikati umesimama mkungu mpana wenye matawi yaliyopangana ghorofa kwa ghorofa. Kuna mwembe wa dodo ukutani, minazi iliyobaki tangu eneo hilo lilipokuwa shamba, mlimau, mpera, mstafeli, mlangilangi karibu na dirisha la bafu, yasmini iliyoparamishwa kwenye waya pembeni ya mlango wa jikoni, na mkilua mmoja ambao Mwalimu anaulinda kuliko gari lake. Mrehani na mchaichai vimeota kwenye ndoo za rangi zilizotobolewa. Zaidi ya hapo ni viti vya mbao, mikeka, na birika la chai.

Simu zinakusanywa kwenye kikapu cha ukili barazani. Halafu linakuja sharti ambalo lilinikera siku ya kwanza: saa nzima ya mwanzo hakuna kuandika. Kila mtu anachagua kitu kimoja ndani ya bustani, anakitazama. Mti mzima haukubaliki. Tawi linakubaliwa kwa shingo upande. Anachotaka Mwalimu ni jani, kiota, shimo la mdudu, sehemu moja ya gome.

Mimi nilichagua maji moto, na nawashukuru wadudu hao hadi leo.

Kila aliyekulia pwani na akapanda mwembe anawajua. Ni wale chungu wekundu wenye hasira, wanaokufanya ushuke mtini haraka kuliko ulivyopanda. Nilijua kwamba wanauma na kwamba wanakaa kwenye mafurushi ya majani. Sikuwahi kutazama mafurushi hayo yanatengenezwaje. Asubuhi ile walikuwa wanajenga jipya kwenye tawi la chini la mwembe, usawa wa macho yangu. Majani mawili yalikuwa yameachana kwa upana wa vidole viwili. Chungu walijipanga ukingoni mwa jani moja, kila mmoja akashika kiuno cha mwenzake kwa taya, mnyororo ukarefuka hewani hadi wa mwisho akanasa ukingo wa jani la pili. Wakaanza kuvuta. Jani lilisogea kidogo kiasi kwamba ukihamisha macho huwezi kuona kama limesogea. Kingo zilipogusana wakaja wengine wamebeba vibuu vyao, watoto weupe wasio na miguu, wamewashika mdomoni. Kibuu hutoa uzi wa hariri. Chungu mkubwa humgusisha jani hili, humhamishia jani la pili, humrudisha la kwanza, na uzi unabaki katikati. Huku na huku, huku na huku, mpaka ufa ukafungwa kwa kitambaa cheupe. Watoto ndio waliokuwa wakitoa uzi wa nyumba watakayolala.

Mzee mtunza bustani alipita na toroli, akasimama nyuma yangu. Akanieleza kwamba hao hawauawi hapa kwa dawa yoyote. Wapo wadudu wanaofyonza nazi changa hadi zikapukutika, na maji moto huwawinda. Mnazi wenye maji moto hubeba. Nikainua macho nikaona kamba ya katani imefungwa kutoka mwembe hadi mnazi wa kwanza, na kutoka huo hadi wa pili. Ni daraja, akasema, kwa sababu chungu hawa hawapendi kushuka chini ambako chungu weusi huwashambulia. Kamba ile nilikuwa nimeiinamia wakati napita nikidhani ni ya kuanikia nguo.

Saa ile ilipokwisha nilikuwa na ukurasa mzima kichwani. Nilipoandika haukuwa na neno zuri hata moja, wala haukuhitaji.

Watu wakisikia bustani na waandishi huwaza utulivu, upepo mwanana, shairi linashuka lenyewe. Ningependa iwe hivyo. Kilichotokea kwangu ni kazi ngumu zaidi ya niliyoizoea. Utulivu wa mahali pale unakunyima visingizio. Huwezi kusema sikuona kwa sababu ya foleni, sikusikia kwa sababu ya muziki. Kitu kiko mbele yako na una saa nzima.

Baada ya chai tunasoma kwa sauti. Mwalimu amefundisha fasihi sekondari miaka mingi na hana haraka ya kusifu. Anasikiliza macho ameyafumba. Dada mmoja, mwandishi wa hadithi fupi ambaye mimi namheshimu sana, alisoma kipande kizuri cha mwanamke anayesubiri habari za mgonjwa, na ndani yake kulikuwa na sentensi: ndege aliimba juu ya mti. Mwalimu akafumbua macho.

"Ndege gani, mwanangu?"

Dada akafikiri. Akasema ndege tu, Mwalimu, ndege wa kawaida.

"Mti gani?"

Kimya. Sisi wengine tulitazama chini, maana daftari zetu zilikuwa zimejaa ndege wa kawaida na miti ya kawaida.

Mwalimu hakuendelea kumhoji. Alituambia tuinuke, akatupeleka kwenye hibiskasi nyekundu kando ya tangi la maji. Tukasubiri. Akaja ndege mdogo, kifua kinang'aa kila anapogeuka juani, mdomo umepinda. Chozi. Badala ya kuingiza mdomo kwa mbele ambako ua limefunguka, alitua kwenye kikonyo, akatoboa ua kwa chini na kunywa. Alifanya hivyo ua baada ya ua. "Huyo hapiti mlangoni," Mwalimu akasema. Juu ya mpera alikuwa shorewanda, mweusi kichwani, anapiga kelele zake za kuchangamka. Ukutani kulikuwa na kunguru wawili wenye shingo ya kijivu, kizazi cha wale walioletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili wasafishe taka, kisha wakaona pwani nzima ni yao. Akamgeukia yule dada. Mwanamke wako anasubiri habari za mgonjwa. Akimsikia shorewanda, asubuhi yake ni moja. Akimsikia kunguru, asubuhi yake ni nyingine kabisa. Mchagulie.

Juma lililofuata hadithi ilirudi na kunguru, na tuliposikia ile aya hakuna aliyegusa kikombe.

Kwa swali lile Mwalimu alinieleza ugonjwa ambao nilikuwa nikiuona kwenye maandishi yetu ya siku hizi bila kuujua. Hadithi nyingi zinazoandikwa Dar zinatokea mahali pasipo na mimea wala msimu. Wahusika wanapendana, wanasalitiana, wanapandishwa vyeo, na ukiuliza nje kulikuwaje utajibiwa jua lilikuwa kali. Mji wenyewe hauko hivyo hata kidogo. Konda wa daladala bado anaita Mkwajuni, Mwembechai, Mchikichini, Mbuyuni. Masika inaingia Machi, vuli inakuja Oktoba, kaskazi na kusi zinapokezana baharini, na kila mama anayeuza matunda barabarani anajua kwa ulimi wake tofauti ya mwezi na mwezi. Elimu hiyo ipo mdomoni mwa watu. Imeacha tu kuingia kwenye vitabu vyetu, kwa sababu tunaandika tukiwa tumeinamia kioo.

Mimi mwenyewe nilikuwa na hadithi iliyokwama. Mke anamsubiri mume aliyesafiri, na sikujua namna ya kuonyesha muda unapita isipokuwa kuandika "miezi ikapita". Kwenye bustani ile nikapata saa na kalenda. Mkungu, majani yake hayanyauki kimyakimya: yanageuka mekundu, mengine rangi ya damu ya mzee, kisha yanaanguka mapana na mazito, unayasikia yakitua mchangani. Halafu mti unachipua upya kwa kijani laini kinachopitisha mwanga. Mke wangu wa kwenye hadithi sasa anafagia majani mekundu, na anapofagia kwa mara ya pili msomaji anajua bila kuambiwa.

Saa niliipata kwa yasmini. Hiyo haichumwi ikishafunguka. Inachumwa alasiri jua likianza kupoa, bado vitumba vimefumba, vyeupe na vyembamba. Usiku vinafunguka vyenyewe mahali vilipo, iwe kwenye sahani, kwenye mto, au kwenye nywele. Siku moja tulikaa mpaka jioni, jambo lisilo la kawaida, na Mwalimu akatuonyesha wanawake wa kwao walivyofunga kikuba, kishada kidogo cha maua ya kunukia: yasmini, kijiti cha mrehani, kipande cha mkadi, waridi ukiwa nalo. Mkilua wake ulikuwa na maua machache ya kijani yanayokaribia njano, unayoweza kuyapita bila kuyaona, na harufu yake ukishaijua huwezi kuichanganya na nyingine. Alichuma moja akampa kila mwanamke aliyekuwepo alinuse kwa zamu. Kisha akasema mwanamke anayefunga kikuba alasiri ana miadi na usiku. Kama mume hakurudi, kikuba kitafunguka vilevile. Nilikwenda nyumbani na hadithi yangu imekwisha, imebaki kuandikwa.

Kuna funzo jingine nililipata kwenye mlimau. Ukitazama juu juu kwenye jani utaona kinyesi cha ndege, cheusi chenye bato jeupe. Ukikaa kinasogea. Ni kiwavi wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, na anapokuwa mdogo huvaa sura hiyo ili ndege wasimtamani. Akikua hubadilika akawa kijani cha jani. Ukimgusa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Mzee mtunza bustani huwahesabu. Wakizidi huwatoa kwa mkono, wakiwa wachache huwaachia matawi ya upande wa ukutani. "Na wao ni wa hapa," anasema.

Huyo mzee anastahili nafasi kubwa kuliko wageni wengi wanavyompa. Ni mzaliwa wa Lushoto, kule ambako mtoto anajua jembe kabla ya kalamu, na amekuwa kwenye bustani hii tangu watoto wa Mwalimu wakiwa shule ya msingi. Maji ya kisima yana chumvi, shida ya visima vingi vilivyo karibu na bahari, kwa hiyo amegawa bustani kichwani mwake. Minazi na bogavilia hupata ya kisima. Mkilua, yasmini na mlimau hupata ya mvua, anayoyakinga kutoka paani kwenye tangi, na kiangazi kikibana huwapimia kwa kopo. Anaamka kabla ya adhana kufagia mchanga ule tunaousifia. Kila kilicho kizuri pale kimepita mikononi mwake, na mikono yenyewe imepasuka kwenye viungo vya vidole na haiponi kwa mafuta.

Nikimtazama humkumbuka Mzee Hamdani. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliweka bustani yenye ukuta ndani ya riwaya yake ya 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Kijana Yusuf, aliyewekwa rehani kwa tajiri kwa sababu ya deni la baba yake, anavutwa na bustani ile, maji yake na miti yake, na anaomba amsaidie mtunzaji, ndiye Mzee Hamdani. Mtunzaji huyo ni mtumwa aliyekataa uhuru alipopewa, kwa kuwa haoni ni vipi mtu anaweza kumpa kitu ambacho hakuwahi kukimiliki. Sote tuliosoma madrasa tumekua na picha ya mabustani yapitiwayo na mito chini yake. Gurnah anatuuliza nani anachota maji ya mito hiyo. Swali hilo haliniachi kila ninapokaa kwenye kiti cha mbao chini ya mkungu na mtu mwingine ameshika ndoo.

Mwalimu naye halimwachi. Ameliingiza kwenye utaratibu: mwisho wa asubuhi, tukishasoma sote, mzee hukaribishwa aketi na aeleze kilichotokea bustanini juma hilo. Hasomi, anasimulia. Nyoka aliyeonekana kwenye ngazi ya tangi. Mnazi uliopigwa na upepo. Kwa nini mwembe umetoa maua upande mmoja tu. Anasimulia kwa kufuata kazi, neno baada ya neno, na hapambi chochote. Nimejifunza kwake namna ya kueleza tendo kuliko nilivyojifunza kwenye semina yoyote. Alipoeleza jinsi ya kung'oa kisiki cha mpapai alianza na ardhi ilivyo, akaja kwenye mizizi, akaja kwenye mgongo wake mwenyewe, na tulipofika mwisho wa kisiki tulikuwa tunajua umri wake na hofu zake.

Waandishi wa kwingine nao wamekimbilia bustanini, na ukiwachunguza utaona kila mmoja ana mpango wake na jembe. George Bernard Shaw alikuwa na kibanda cha mbao mwisho wa bustani yake kijijini Ayot St Lawrence, Uingereza, kilichosimama juu ya mhimili ili kizungushwe kulifuata jua. Virginia Woolf na mumewe Leonard walinunua nyumba Rodmell mwaka 1919, naye akawa na chumba chake cha kuandikia bustanini, ila aliyekuwa na uchungu wa miche alikuwa Leonard. Hao waliitumia bustani kama ukuta kati yao na wageni, na sioni ubaya. Mimi ninayemhusudu ni Bessie Head. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1937, mwaka 1964 akahamia Botswana, akaishi Serowe, mahali pakame, akiwa mkimbizi na mama wa mtoto mmoja. Huko alishika jembe kwenye bustani ya mboga ya kikundi cha ushirika kilichoitwa Boiteko. Akalima vile vitunda vya njano vinavyokaa ndani ya vifuko vyembamba, akavipika jamu ya kuuza. Bustani hiyo ikaingia kwenye riwaya yake iliyotoka 1973, na ndani ya kitabu kile chenye giza la akili kuugua, watu wanaopanda mboga pamoja ndio wanaomrudisha mhusika kwenye uhai. Yeye hakukaribishwa kwenye bustani ya mtu. Aliichimba.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusiende tu Bustani ya Mimea mjini, ambayo ni ya wote. Nakwenda, na nawashauri wengine waende. Ilianzishwa mwaka 1893, wakati wa Wajerumani, chini ya Profesa Stuhlmann, wakoloni wakitafuta mazao ya kibiashara yatakayoota hapa. Bado kuna mnazi wa Shelisheli, wenye nazi pacha kubwa, mti ambao nje ya visiwa vyake vya asili huuoni kirahisi. Na kando yake inapita barabara yenye jina la Shaaban Robert, jambo linalonifurahisha kila ninapopita, kwa kuwa yeye ndiye aliyetuandikia Utubora, mtu aliyeacha kazi ya mshahara mjini akaenda kushika jembe, na akaliandika jembe hilo kwa heshima ileile aliyowapa wafalme. Kwenye bustani ya umma lakini unakuwa mpita njia. Walinzi wanabadilika, na hakuna wa kukwambia mti ule ulipandwa siku aliyozaliwa nani. Bustani ya nyumbani ina mtu anayeweza kukuuliza ndege gani na akasubiri jibu.

Najua wapo watakaosoma haya na kusema hiyo ni Mikocheni, sisi tuko Tandika. Mama yangu yuko Temeke, kwenye nyumba ya wapangaji wengi, na ua wake ni wa zege tupu. Ukutani amepanga makopo ya maziwa, ndoo iliyopasuka na tairi: mrehani, mshubiri, pilipili mbuzi, mchaichai, na mdimu unaokaidi kukua. Wapangaji wote wanachuma, na mrehani ukikatwa bila taarifa kesi inasikilizwa jioni hiyohiyo. Tangu nianze kwenda kwa Mwalimu nimekuwa nikikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa mbele ya makopo yale. Kwenye mdimu nimemwona kiwavi yuleyule mwenye sura ya kinyesi. Mama aliniuliza natafuta nini, nikamwonyesha, na kilichofuata ni mazungumzo marefu kuhusu bibi yangu na viwavi wa michungwa ya Muheza, habari ambayo miaka yote hakuwahi kunisimulia. Nimeiandika.

Kinachonitia wasiwasi ni kasi ya mambo. Nyumba za zamani zenye ua zinauzwa, miti inakatwa wiki ya kwanza, na kiwanja kinageuka fremu za maduka au ghorofa. Hata zisizouzwa zinatandikwa vitofali vya pevingi kutoka geti hadi ukuta wa nyuma ili magari manne yakae na vumbi lisiingie ndani. Siwalaumu wenye nyumba. Kodi ya fremu inasomesha watoto. Ila kila ua unaotandikwa unaondoka na kivuli chake, na watu wawili watatu ambao wangeweza kuandika kitu chini yake hawatajua walichokikosa.

Kwa hiyo nina ombi kwa yeyote mwenye ua wenye mti, hata mmoja. Fungua geti asubuhi moja kwa mwezi kwa watu wanaoandika. Mwalimu alianza na viti viwili na mkeka. Vinavyohitajika ni maji ya kunywa, choo, na mtu wa nyumbani anayejua majina ya vilivyoota hapo. Anza saa moja asubuhi, kabla jua halijapanda. Mwambie mjumbe mapema, maana watu wageni wakiingia nyumbani kwako kila mara majirani watauliza. Weka kikapu cha simu, na usione aibu kulisimamia hilo hata akija mtu mkubwa. Chai wageni wachangie. Na kama bustani ina mtunzaji, saa hizo za Jumamosi alipwe pembeni ya mshahara wake, na ajue kiasi kabla ya mgeni wa kwanza kugonga geti.